Maswali yenu: sabuni, ndevu na wasajili wa gerezani

Mwanangu ni mahabusu Kisongo, mwezi wa tatu sasa. Kuna "kaka" anampa sabuni na kumkinga na wababe. Nishukuru au niogope? (Mama, Sakina)

Pole, mama. Huenda ni utu tu, jela nako kuna watu wema. Angalia kinachofuata baada ya sabuni. Msajili, yaani anayewavuta wafungwa kwenye makundi ya kigaidi, haanzi na itikadi. Humtafuta mgeni asiyetembelewa, anayelala sakafuni, ambaye kila tarehe ya kesi anaambiwa upelelezi haujakamilika. Kwanza humpa msaada, kisha humkaribisha kula na kundi lake, halafu huanza kumtenga: usikae na yule, ndugu zako wamekutupa. Chuki yenyewe huja mwisho, deni likishakomaa.

Basi deni lisikomae. Mpelekee mwenyewe sabuni, dawa ya meno na kandambili kwa utaratibu wa gereza, na usiruke siku ya kumwona. Muulize anakula na nani. Ya imani yake yaache kwanza. Akianza kukataa kutoka kuonana nanyi, omba kumwona ofisa ustawi, umweleze ulichokiona na lini. Neno "gaidi" usilitamke, litamganda.

Mdogo wangu kafuga ndevu na haachi swala ya usiku. Ni dalili ya kusajiliwa? (Majengo, Moshi)

Hapana. Wengi hushika dini jela, Waislamu kwa Wakristo, na huwatuliza. Dalili ni kuwaita ndugu zake makafiri, kugoma kuswali nyuma ya imamu wa kawaida, kusifia mauaji. Askari anayehesabu ndevu humrahisishia msajili kazi.

Kwa nini wafungwa wa ugaidi wasifungiwe peke yao? (Mwalimu, Usa River)

Kila njia ina tundu. Uholanzi iliwakusanya kwenye gereza la Vught kuanzia 2006: hawaambukizi wengine, ila wenyewe kwa wenyewe wanaweza kukolezana chuki. Ukiwatawanya, msajili mmoja anapata bweni zima. Amedy Coulibaly aliingia Fleury-Mérogis, Ufaransa, kwa unyang'anyi. Humo akakutana na Chérif Kouachi, na wote wawili wakaangukia mikononi mwa Djamel Beghal, aliyefungwa kwa ugaidi. Januari 2015, wao na Saïd, kaka yake Chérif, waliua watu 17.

Sisi tungewatenga wasajili wachache tu, baada ya kumpima kila mmoja. Kutenga nako kuna mpaka: Kanuni za Mandela za 2015, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zinakataza kumfungia mtu peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo. Kanuni ya 11 inataka mahabusu wasichanganywe na wafungwa. Hilo tungelianza kesho asubuhi.

Kozi za kurekebisha fikra zinafaa? (Njiro)

Zinasaidia, ila mtu hujifunza pia majibu yanayotakiwa. Usman Khan, aliyefungwa kwa ugaidi, alizipitia Uingereza, akaachiwa Desemba 2018. Tarehe 29 Novemba 2019 aliua watu 2 London, kwenye hafla ya mradi wa elimu ya wafungwa uliokuwa umempokea.

Kaka anatoka gereza la Karanga wiki ijayo. Tujiandaeje? (Himo)

Fikeni getini asubuhi na mapema, asije akapokelewa na mwingine. Awe na nauli, mahali pa kulala na laini mpya ya simu. Namba alizopewa ndani zisihamie humo. Kazi ipatikane wiki ya kwanza, hata kibarua. Kama alijifunza kushona viatu, msharasi, uzi na gundi vimkute nyumbani.