SUV ya umeme kwenye baridi kali: anza na plagi ya nyumbani

Ikifika mwezi wa kumi simu yangu haipumui. "Kaka, nimeona SUV ya umeme, siti za ngozi, betri kubwa, bei imeshuka. Nichukue?" Kabla sijafungua hata picha, huwa nauliza kitu kimoja: hilo gari litalala wapi?

Naishi Hamar, Norway, kando ya ziwa Mjøsa, ambako nyuzi 20 chini ya sifuri mwezi Januari si habari ya kumpigia mtu simu. Kama magari haya yanaiweza baridi au hayaiwezi, huo mjadala hapa ulishakwisha: mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyosajiliwa nchini yalikuwa ya umeme. Kinachobaki ni wewe na mahali pa kuchajia.

Kama huna chaja yako mwenyewe, nyumbani au kwenye maegesho ya jengo lenu, usinunue. Nalisema hivyo hivyo hata kwa mtu mwenye hela. Gari lililochomekwa usiku kucha unalipasha moto asubuhi kwa umeme wa nyumbani, kwa simu, ukiwa bado unakunywa chai. Unatoka betri ikiwa imejaa na ndani kukiwa na joto. Lililolala barabarani bila waya huchota joto hilo hilo kwenye betri yake, na ukilipeleka kwenye chaja za haraka kila mara, unalipa bei ya juu kuliko ya nyumbani. Wanaoishi kwenye maghorofa wajue kwamba hapa Norway uongozi wa jengo hauwezi kukukatalia chaja bila sababu ya msingi. Andika barua, usiombe kwa mdomo.

Sasa umbali. Ile namba ya kwenye tangazo, WLTP, yaani kipimo rasmi cha umbali, hupimwa kwenye joto la nyuzi 23. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kama joto, ndiyo maana hita yake ni ya bure. Gari la umeme lina joto kidogo mno la kupoteza, lazima litengeneze, na betri yenyewe ikipoa huwa nzito kutoa umeme na nzito zaidi kuupokea. Mimi hupiga hesabu hivi: tangazo likisema kilomita 600, kwa siku ya baridi kali naondoa theluthi, inabaki 400. Na safarini hauchaji mpaka asilimia 100, kwa sababu ukivuka 80 chaja inatambaa. Tena huthubutu kushuka chini ya 10. Kwa hiyo kutoka kituo hadi kituo una kama kilomita 280. Kama hesabu hiyo inakutosha, endelea kusoma.

Chama cha wenye magari hapa, NAF, na jarida la Motor huendesha magari ya umeme kila majira ya baridi mpaka yazimike njiani, halafu huchapisha matokeo. Tafuta gari unalolitaka humo kabla ya kumsikiliza muuzaji.

Nikienda Trondheim nasimama Dombås, kabla ya kupanda Dovrefjell, ambako barabara ya E6 inapita juu ya mita 1,000. Pale niliwahi kumkuta bwana mmoja mwenye gari jipya kuliko langu, amejikunyata, anaitazama skrini: kilowati 38, kwenye chaja yenye uwezo mara nne ya huo. Hakuwa ameiandika chaja kwenye ramani ya gari. Ukiiandika kama kituo cha safari, gari linaanza kuipasha betri mapema, ukifika inapokea umeme kwa kasi. Usipoiandika, gari linajizuia lenyewe, kwa kuwa kuilazimisha betri baridi kupokea umeme mwingi kunaiharibu. Ramani ya kwenye simu kwa kawaida hailiambii gari chochote.

Kuhusu anasa, zipo zenye maana na zipo za picha. Pampu ya joto (hita inayovuta joto kutoka hewa ya nje), siti za moto na usukani wa moto: lipia. Siti hutumia umeme kidogo mno kuliko kupasha hewa yote ya ndani. Rimu za inchi 22 muachie mwenzako. Chukua ndogo kadiri breki zinavyoruhusu. Matairi yake ni nafuu, na unahitaji seti mbili, ya kiangazi na ya baridi, kwa gari la tani mbili na nusu linalokula matairi. Vitasa vinavyojificha ndani ya mlango ni vizuri shoruumu. Vikiganda, gonga taratibu kwa ubavu wa ngumi, na mtu asikudanganye umwage maji ya moto, kioo kitapasuka.

Jambo wasilokwambia wauzaji: betri ikiwa baridi, ile breki inayorudisha umeme hupungua nguvu. Uliyezoea kuachia pedali gari likajipunguza mwendo, kilomita za mwanzo halitajipunguza. Kwenye barafu hilo si dogo. Na ndiyo, bado kuna betri ndogo ya volti 12. Ikifa, mkoko wako wote hauwaki, unatafuta wa kukubusti kama mwenye Corolla.

Kwa bei, mimi napendelea lililotumika miaka mitatu. La kwanza, magari haya hushuka thamani haraka, acha mwingine aumie. La pili, tangu 2023 kodi ya VAT ya asilimia 25 inatozwa kwenye bei ya gari jipya inayozidi krone 500,000, na mwaka 2026 kiwango kikashushwa hadi 300,000. Waranti ya betri kwa kawaida ni miaka 8 au kilomita 160,000, hivyo bado inakulinda. Dai cheti cha afya ya betri kilichopimwa na mtu asiye muuzaji.

Na jaribu gari asubuhi, baada ya kulala nje. Ukifika ukalikuta limeshapashwa moto ndani ya gereji, mwambie muuzaji alitoe, utarudi kesho.