Blogu inakufia mwezi wa pili? Anza na daftari, ratiba itafuata

Mdogo wangu wa Singida, umesema umefungua blogu ya kuku wa kienyeji mara tatu, na mara zote imekufia mwezi wa pili. Unauliza uandike saa ngapi, makala ngapi kwa wiki, na lini itaanza kulipa. Mimi naandika kuhusu kilimo cha zabibu hapa Dodoma tangu 2018, nina duka la pembejeo na watoto wawili, kwa hiyo nakujibu kwa niliyopitia mwenyewe. Univumilie, ni ndefu.

Mwaka wa kwanza nilianza kama wewe. Januari nilijiapiza makala moja kila siku. Siku kumi na saba nikaweza. Siku ya kumi na nane nikakaa mbele ya kompyuta saa nzima sina la kusema, nikaifunga. Kesho yake nikaona aibu kurudi, na aibu hiyo ikazaa miezi minne ya kimya. Nilijiita mvivu, lakini mvivu gani anafungua duka saa moja asubuhi mwaka mzima? Nilikuwa nakaa kuandika mikono mitupu, basi.

Kilichonitoa hapo ni daftari. Nilinunua kaunta buku, nikaifungia kalamu kwa uzi wa katani, nikaiweka dukani pembeni ya mizani. Mteja akiuliza jambo naliandika vilevile alivyolisema, silisafishi. Siku moja mzee wa Mpunguzi alikuja na jani la mzabibu amelikunja kwenye leso. Akalifungua juu ya kaunta, akaniuliza, "Mama, hili nani kalimwagia unga?" Lilikuwa na weupe kama wa sembe upande wa juu, ukipitisha kidole unatoka, chini yake jani limeanza kufubaa. Ule ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, na dawa yake ya miaka mingi ni salfa. Jioni ile niliandika makala, na kichwa chake nikaweka maneno ya mzee. Mpaka leo hakuna makala yangu inayosomwa kuliko hiyo. Mkulima akishika simu anatafuta "unga mweupe kwenye majani ya zabibu", hatafuti jina la kitaalamu.

Tangu hapo nikatenganisha kazi mbili ambazo wengi wanazichanganya. Kukusanya ni kwa kila siku, hata Sikukuu, kwa sababu kunachukua dakika moja. Kuandika kuna siku zake. Wewe unajilazimisha kuandika kila siku bila kukusanya, ndiyo maana kufika mwezi wa pili ghala ni tupu.

Sasa saa. Mtaani kwetu wakati ule maji yalikuwa ya mgao, yanafunguliwa Jumanne na Ijumaa kuanzia saa nne usiku, na lazima mtu akae macho ajaze mapipa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nakaa uani kwenye kigoda, mpira wa maji uko kwenye pipa, simu mkononi, naandika. Sikuhitaji hata kuchungulia. Pipa likiwa tupu maji yanaunguruma kwa sauti nzito, likikaribia kujaa sauti inapanda na kuwa nyembamba, nanyanyuka nahamisha mpira. Mapipa manne yalinitosha kumaliza rasimu moja. Sikuwahi kujiuliza usiku ule kama nina hamu ya kuandika. Maji yametoka, naandika.

Miaka mitatu nilienda hivyo. Kisha ratiba ya maji ikabadilika, yakawa yanatoka mchana nikiwa dukani, na wiki sita nzima sikuandika hata aya moja. Niliumia sana. Mapipa ndiyo yaliyokuwa yananikalisha chini, na sasa hayakunihitaji tena. Nikatafuta kitu kingine kisichokosekana nyumbani kwangu, nikakipata alfajiri: nikishabandika chai, kabla watoto hawajaamka, nina nusu saa. Hapo ndipo nilipo mpaka sasa, Jumatano na Jumamosi, makala moja kwa wiki. Jumatano rasimu, Jumamosi nasahihisha na kuchapisha. Wewe usiige saa yangu. Tazama kwako ni kitu gani kinatokea kila wiki upende usipende, ufunge uandishi wako hapo. Ukiwa na kuku, kuna mtu anawafungulia asubuhi na kuwafungia jioni. Anza kuangalia hapo.

Usidanganywe na habari kwamba zoea hujengeka kwa siku ishirini na moja. Phillippa Lally na wenzake wa University College London (UCL) walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya, matokeo yakachapishwa mtandaoni mwaka 2009. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo lianze kutendeka lenyewe, lakini kwa mmoja mmoja makadirio yalitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Kilichonigusa zaidi ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu zoea. Ningelijua hilo mapema, ile siku ya kumi na nane isingenigharimu miezi minne. Nawe ukikosa wiki moja, wiki inayofuata chapisha ya wiki hiyo. Usilipe deni la iliyopita na usiwaombe wasomaji radhi.

Suala la kukimbiza habari za kila siku, mimi nakushauri uliache. Habari ya leo kesho imechacha, inakulazimu kukimbia bila kupumua, na tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 kuna masuala ya leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ambayo ni vizuri uyasome kabla hujagusa habari. Andika mambo yanayorudi. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kati ya Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba, kwa hiyo maswali ya kupogolea yananijia mara mbili kila mwaka. Sitafuti mada mpya. Naifungua makala ya msimu uliopita, naongeza yaliyoingia kwenye daftari, nairudisha juu, na hiyo naihesabu kuwa ni makala ya wiki. Wewe una kalenda nzuri kuliko yangu: chanjo ya I-2 ya kideri (ule ugonjwa unaoua kuku), ile ya tone la jicho, hurudiwa kila miezi mitatu. Mara nne kwa mwaka watu watahitaji maelezo yaleyale.

Umesema pia unafikiria kuacha kazi ili upate muda. Usiache. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, akafika mpaka Mpwapwa hapa mkoani kwetu kwa uhamisho miaka ya 1940, na aliandika huku ajira ikiendelea. Duka langu ndilo linaloniletea maswali. Nikilifunga, daftari linakauka.

Kuhusu kulipa, matangazo hayajanilipa kitu cha kutegemea. Pesa iliingia dukani: mwaka wa pili walianza kuja wakulima kutoka Hombolo na Chamwino ambao walishanisoma kabla hawajaniona, na hao hawaombi punguzo kwanza, wanauliza kwanza.

Umeme ukikatika usikukute kwenye kompyuta. Andika kwenye simu, sehemu isiyohitaji bando, uhamishe baadaye.

Wiki hii usichapishe chochote. Nenda mnadani au kwa majirani wanaofuga, sikiliza, uniletee hapa maswali kumi kwa maneno yao wenyewe. Nitayapitia Jumamosi asubuhi, nikuonyeshe mimi ningeanza na lipi.