Selimundu: usisitishe haidroksiyurea kwa sababu ya tiba ya jeni

Ndugu mleta mada, umeuliza kama umwachishe mwanao mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, vidonge vya haidroksiyurea, ili fedha hiyo uiweke akiba ya tiba ya jeni uliyoisikia redioni. Ninamlea binti mwenye ugonjwa huo, naye anatumia dawa hiyo hiyo. Ushauri wangu ni kwamba usimwachishe.

Habari uliyoisikia ni ya kweli. Tiba hiyo ya jeni, iitwayo Casgevy, iliidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea. Seli shina za damu (seli zinazozalisha chembe za damu) za mgonjwa mwenyewe huchukuliwa na kuhaririwa maabara ili jeni ya BCL11A, ambayo huizima hemoglobini ya kichanga (protini ya kubeba oksijeni katika damu ya mtoto mchanga) baada ya mtoto kuzaliwa, ipungue nguvu. Kisha hurudishwa mwilini baada ya uloto wake (tishu iliyo ndani ya mifupa inayotengeneza damu) kuondolewa kwa kemotherapi kali, inayoweza hata kuathiri uzazi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, na hapo kulazwa hakujahesabiwa.

Haidroksiyurea nayo, ijapokuwa haiponyi, huongeza hemoglobini hiyo hiyo ya kichanga, ambayo huzuia seli nyekundu kujikunja kama mundu. Zamani palikuwa na hofu kwamba katika nchi zenye malaria ingewadhuru watoto. Utafiti wa REACH, uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda na kuchapishwa Desemba 2018, ulionyesha kinyume chake: maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vilipungua. Kwangu mimi hayo ndiyo maendeleo makubwa, kwa kuwa yanafika hadi dirisha la dawa.

Binti yangu bado hupata maumivu, hasa wakati wa baridi, lakini kulazwa kumepungua sana. Dozi hupangwa kwa uzito. Mtoto akiongezeka kilo nawe ukaendelea kununua vidonge vile vile bila kurudi kliniki, utadhani dawa imeshindwa, kumbe dozi ndiyo iliyobaki nyuma. Kipimo cha FBP (cha kuhesabu seli za damu) nacho kisirukwe, maana dawa hii huweza kushusha seli nyeupe.

Kama ana ndugu wa baba na mama mmoja asiyeugua, muulize daktari kuhusu kupandikiza uloto, huduma ambayo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kuwapa watoto wenye selimundu. Ndugu huyo hupimwa kwanza kama uloto wake unaoana na wa mgonjwa, na hata akiwa amerithi vinasaba vya selimundu kwa mzazi mmoja tu, bado anaweza kuchangia.