Kufunga mwaka: anza na mizania, barua ya mwenyekiti iandikwe mwisho

Mwaka wangu wa kwanza kama mhasibu mkuu nilianza kazi ya kufunga hesabu kwa kukodolea macho taarifa ya faida na hasara. Bosi alikuwa anaulizia faida kila siku, kwa hiyo nami nikakesha na faida. Wiki tatu nzima nililinganisha gharama za mwezi huu na za mwezi ule, nikajiona nimeiva. Mkaguzi wa nje alipofika hakuuliza lolote kuhusu faida. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja wa mizania (taarifa ya mali na madeni ya kampuni siku ya kufunga mwaka), "Wadaiwa wengineo", akasema: "Hawa ni akina nani?"

Sikuwajua. Nilipofungua leja, yaani kitabu cha akaunti, nikakuta masurufu ya safari ambayo hayajarejeshwa, malipo ya awali kwa fundi ambaye kazi aliimaliza zamani, na kiasi kimoja kikubwa ambacho maelezo yake yalikuwa "kuangalia baadaye". Aliyeandika hivyo ni mimi mwenyewe, mwezi Machi.

Tangu hapo naanza na mizania, mstari kwa mstari, na kila salio nalidai karatasi yake. Salio la benki lina taarifa ya benki na usuluhishi wake na vitabu vyetu. Wadaiwa wana orodha ya majina inayojumlishwa hadi kwenye akaunti kuu. Mali za kudumu zina rejesta, mkopo una barua ya benki, kodi ina ritani iliyowasilishwa. Salio lisilo na karatasi nalihesabu kuwa halipo mpaka lithibitike. Watu huona nimekaza mno, ila hesabu yake ni rahisi: ukishakuwa na uhakika na mizania ya mwanzo wa mwaka na ya mwisho, kisha ukaondoa walichoweka wenye hisa na kurudishia walichochukua, faida imebanwa katikati. Haina pa kukimbilia.

Akaunti ya muda, ile ya kuegeshea miamala ambayo bado haijajulikana iende wapi, ndiyo inayoumbua wengi. Kila ofisi ninayoijua inayo, na kila ofisi huapa kuwa itaisafisha mwezi ujao. Isafishe kila mwezi kweli, maana muamala wa wiki iliyopita mtu anaukumbuka, wa miezi tisa iliyopita hata aliyeusaini atakukana.

Na pale masalio mawili yanayopaswa kulingana yanapotofautiana, niwape mbinu moja ya wazee wa kazi. Programu za siku hizi hazikubali urari (orodha ya masalio yote ya debiti na krediti) uliokataa kulingana, lakini leja ndogo zenye majina mojamoja na akaunti kuu yenye jumla yao bado hugombana, hasa pale mtu anapobeba takwimu kwa mkono kwenda kwenye jedwali. Ukipata tofauti, igawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, tafuta tarakimu zilizopinduliwa. Mwaka mmoja tulikuwa na tofauti ya 450. Ukigawa kwa 9 unapata 50. Tukarudi kwenye orodha tukitafuta tarakimu mbili za katikati zilizobadilishana nafasi, na kabla chai haijapoa tukaiona: 4,720 iliandikwa 4,270. Ikikataa kugawanyika, igawe kwa 2 utafute nusu hiyo. Huenda kiasi cha debiti kimeingizwa upande wa krediti. Si dawa ya kila ugonjwa, lakini imeniokolea usiku mwingi.

Sasa stoo. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoaibika.

Tulikuwa tunachapisha karatasi za kuhesabia bidhaa kutoka kwenye programu, zikiwa tayari na idadi inayotarajiwa pembeni. Tuliona tunawarahisishia vijana kazi. Zoezi likaisha mapema, karatasi zikarudi safi, kila mstari umekubaliana na kompyuta. Mimi nikafurahi. Mkaguzi hakufurahi hata kidogo. Alichukua karatasi tatu akaomba tuingie naye stoo. Rafu ya kwanza ilikuwa na maboksi 48 kama karatasi ilivyosema. Akavuta boksi la nyuma, likaja jepesi. Lilikuwa limejaa nailoni na vipande vya kufungia mizigo. Mahesabu yalikuwa yamenakiliwa, hayakuhesabiwa, na lawama ilikuwa ya kwangu niliyewapa jibu kabla ya swali.

Siku hizi karatasi zangu zina jina la bidhaa, mahali ilipo na nafasi tupu ya idadi. Wanahesabu wawili wawili, mmoja wa stoo na mwingine kutoka idara isiyohusika kabisa. Kabla ya kuanza naandika namba ya hati ya mwisho ya kupokea mzigo na ya mwisho ya kutoa, nafunga milango, hakuna kinachoingia wala kutoka. Namba hizo mbili utazibusu baadaye. Gari likishusha mzigo jioni ya siku ya mwisho na ankara yake ikafika baada ya siku kumi, bila namba hizo utahesabu bidhaa kama mali huku deni lake likiwa halimo vitabuni, na faida yako itavimba bure. Halafu, ukiwa bado mlemle stoo, angalia vumbi. Bidhaa yenye vumbi nene ina swali la bei. IAS 2, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu bidhaa za stoo, kinataka bidhaa zithaminiwe kwa gharama yake au kwa kile unachotarajia kupata ukiiuza baada ya kutoa gharama za kuiuza, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kama itauzika kwa hasara, hasara hiyo ni ya mwaka huu, usisubiri mpaka apatikane mnunuzi.

Kwa wadaiwa, barua za uthibitisho zitume mapema, lakini usizitegemee sana, wengi hawajibu. Ushahidi ninaoupenda ni fedha zilizoingia benki baada ya mwaka kuisha. Aliyelipa Januari deni la Novemba amemaliza ubishi. Asiyelipa hadi wakaguzi wanaondoka, keti na mtu wa mauzo mkadirie kwa ukweli kiasi gani kitapotea.

Hapo ndipo huibuka ubishi wa matukio ya baada ya tarehe ya kufunga. Mteja wetu mmoja mkubwa alifilisika wiki chache baada ya mwaka kuisha. Uongozi ukasema hilo ni jambo la mwaka mpya. Siyo. Chini ya IAS 10, kiwango kinachohusu matukio hayo, unajiuliza: je, hali hii ilikuwepo siku ya kufunga mwaka? Mteja anayefilisika mwezi wa pili, mara nyingi alikuwa mahututi tangu Desemba. Habari zimechelewa tu kutufikia. Takwimu zinarekebishwa. Ghala likiungua mwezi wa pili, hilo ni jipya: takwimu za mwaka uliopita hubaki zilivyo, na tukio likiwa zito unalieleza kwenye maelezo ya taarifa. Dirisha hilo hubaki wazi mpaka siku taarifa zinapoidhinishwa kutolewa, kwa hiyo kadiri unavyochelewa ndivyo unavyozidi kuokota habari mbaya.

Mengine nayapitia haraka. Miamala na wakurugenzi na ndugu zao iulize kwa maandishi, usikisie. Kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, mtambo ulionunuliwa kwa mkopo uliolipwa moja kwa moja kwa muuzaji hauingii, kwa sababu hakuna fedha iliyopita mikononi mwako. Na tathmini ya uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli iangalie angalau miezi 12 kuanzia tarehe ya kufunga mwaka, ikiwa na makadirio ya fedha nyuma yake, siyo sentensi ya matumaini.

Baada ya yote hayo ndipo maneno ya ripoti yaandikwe. Najua watu wa mawasiliano hutaka kuanza na barua ya mwenyekiti na picha za wafanyakazi wakitabasamu wamevaa kofia ngumu. Picha wapige hata leo. Barua isubiri. Tuliwahi kuandika kwamba mauzo yamepanda kwa asilimia 12, mbuni akaipanga kwa herufi kubwa za rangi, kisha marekebisho ya mwisho yakaishusha hadi 9. Tulibadilisha barua tukasahau jalada la ndani. Mwenye hisa aliyegundua alisimama mkutanoni akasoma kurasa zote mbili kwa sauti, taratibu, moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo nakala ya mwisho naichapa kwenye karatasi. Nashika kalamu nyekundu, na kila tarakimu iliyo ndani ya maneno naifuata hadi kwenye jedwali lake ndipo naipiga tiki. Takwimu za mwaka uliopita nazilinganisha na ripoti ya mwaka uliopita iliyochapishwa, siyo na faili lililo kwenye kompyuta yangu. Kazi hii haichukui siku nzima, na usiifanye peke yako. Macho yaliyoandika kosa hayalioni.

Mnaotumia viwango vya kimataifa, mna mgeni njiani. IFRS 18, kiwango kipya cha jinsi ya kupanga taarifa za fedha, inachukua nafasi ya IAS 1 kwa miaka ya hesabu inayoanza tarehe 1 Januari 2027 au baadaye, na taarifa ya faida na hasara itabadilika sura: mapato na gharama zitagawanywa katika shughuli za uendeshaji, uwekezaji na ugharamiaji, na faida ya uendeshaji itakuwa jumla ya lazima. Kwa kuwa mwaka wa kulinganisha nao lazima upangwe upya, anayefunga Desemba anahitaji takwimu za 2026 katika sura hiyo. Chati ya akaunti, yaani orodha ya akaunti zenu zote, iguseni mapema.

Jambo la mwisho, ambalo lilinigharimu siku nne mwaka wangu wa pili. Marekebisho ya mkaguzi yalikuwa yameingia kwenye ripoti iliyosainiwa, lakini hakuna aliyeyaingiza kwenye leja. Mwaka mpya ukaanza na faida limbikizi (iliyokusanyika tangu miaka ya nyuma) isiyofanana na ile iliyochapishwa, na sisi tukaja kuligundua tukiwa tunafunga tena. Sasa siku bodi inaposaini, naingiza marekebisho yote jioni hiyohiyo, nachapa urari, nauweka sambamba na ripoti, kisha nafunga kipindi kwenye programu ili mtu asiweze kuandika humo tena. Nenosiri la kukifungua linakaa kwa mtu mwingine, siyo kwangu.