Una elfu nane na Fielder inayokwaruza? Anzia milango ya mbele

Ndugu, umesema spika ya mbele kushoto ya Toyota Fielder yako inakwaruza, muuzaji wa Luthuli Avenue, Nairobi, amekushauri ubadilishe zote nne na uongeze wufa, ile spika kubwa ya besi, nawe una shilingi elfu nane tu. Ningekuwa wewe ningenunua jozi moja nzuri ya milango ya mbele, na za nyuma ningeziacha zilivyo. Dereva anasikiliza za mbele. Ukigawa elfu nane mara nne utapata spika nne mbaya, na wufa itabidi uilipe kwa deni.

Nimebadilisha spika kwenye magari yangu na ya jamaa zangu, karibu yote yakiwa haya ya mtumba wa Japani. Kitu cha kwanza huwa si duka. Hakikisha kwanza kama ni spika kweli iliyokufa. Peleka sauti yote kushoto kwenye redio, cheza wimbo unaoujua, kisha fungua na funga mlango polepole. Sauti ikikatika na kurudi, ugonjwa uko kwenye waya unaopita ndani ya ule mpira kati ya mlango na nguzo. Umekunjwa miaka yote hiyo hadi nyuzi zimekatika ndani, na fundi wa umeme wa gari atauunga bila wewe kununua chochote.

Isipokatika, toa kava ya mlango na chomoa soketi ya spika. Gusisha betri ndogo ya tochi, ile ya volti 1.5, kwenye vyuma viwili vya spika. Iliyo hai itatoa "pu" na karatasi yake, ile koni ya mbele inayotetemeka, itaruka kidogo. Kisha weka vidole gumba viwili pande mbili za karatasi, sukuma ndani taratibu na uinamishe sikio. Ukisikia mchanga, koili imeungua au imepinda na inasugua sumaku. Hiyo haina dawa, tupa. Lakini kama ni sponji ya ukingoni tu imemomonyoka, fundi wa spika anaweza kubandika nyingine.

Sasa dukani. Utaonyeshwa boksi limeandikwa wati 600 kwa maandishi makubwa. Usiyasome. Redio yako inaandika 50W x 4, na hata hiyo ni hesabu ya kuvutia wateja: injini ikiwaka gari lina kama volti 14.4, zidisha kwa zenyewe, gawa kwa omu 4, unapata 52. Hiyo ni sauti iliyokwisha kukatwa kichwa, inayopasuka. Nguvu safi ni nusu yake, na ukitoa kinachopotea njiani unabaki na takriban wati 20 kwa kila spika. Spika ya wati 600 utailisha nini? Nganya za Rongai, yale matatu ya muziki mkubwa, zina amplifaya zake, hayo ni mambo mengine.

Geuza boksi utafute maandishi madogo. Kuna mambo matatu tu. RMS, ambayo ndiyo wati za kweli. 30 hadi 60 zinakutosha. Omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme, ziwe 4, maana 2 zinaweza kuichosha redio hadi iungue. Tatu, ambayo wauzaji wengi huwa hawaizungumzii, ni desibeli, yaani sauti ambayo spika inatoa kwa wati ileile. Spika ya desibeli 92 ikipewa wati 20 inatoa sauti sawa na ya desibeli 89 iliyopewa wati 40. Kwa mtu asiye na amplifaya, hizo desibeli tatu ni kama zawadi. Boksi lisilotaja RMS wala desibeli, rudisha kwenye kaunta.

Chukua inchi sita na nusu zilizobeba twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, katikati. Zile zinazokuja na twita pembeni hulia vizuri zaidi, lakini utalipa fundi kutoboa na kupitisha waya, na bajeti yako haifiki. Ukingo uwe wa mpira, na karatasi iwe ya plastiki ikiwezekana, kwa sababu mlango wa gari hupitisha maji ndani kila mvua inaponyesha. Masika ya Nairobi humaliza spika za karatasi tupu.

Sehemu ya elfu nane isiende kwa spika kabisa. Tenga ya kuzifunga, hapa ndipo wengi huharibikiwa. Spika ya kiwandani ya Toyota nyingi huwa na kikombe kirefu cha plastiki. Ukiitoa, mpya inakuwa fupi, na fundi mwenye haraka ataibana na skrubu mbili kwenye bati. Besi ya nyuma inavuja na kuzunguka kurudi mbele, basi sauti ya nyuma na ya mbele zinauana. Dai pete ya plaiwudi iliyokatwa kwa kipimo na kupakwa rangi isinywe maji, pamoja na sponji nyembamba kati yake na bati. Kabla ya kukaza, teremsha kioo hadi mwisho, maana sumaku nene hugonga kioo. Na ile nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava irudi mahali pake, usimruhusu aichane akaiacha.

Waya zikipishana, yaani upande mmoja chanya imekaa kwa hasi, karatasi moja inatoka wakati nyingine inaingia na besi inapotea hivi hivi. Ukiona spika mpya zinalia kama simu, kagua hilo kabla ya kurudi kugombana na muuzaji.

Kuhusu majina makubwa, feki ni nyingi. Ishike mkononi: uzito, gundi iliyonyooka ukingoni, herufi zisizofutika kwa kucha. Mimi huwa napenda zaidi Pioneer au Kenwood iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari la Japani, kuliko mpya isiyo na jina. Kirinyaga Road na Ngara utazipata, ila nenda na betri yako ya tochi na ufanye ule mtihani wa vidole papo hapo. Anayekukataza kujaribu, mwache na mali yake.

Ukimaliza, zima LOUD, kile kitufe cha kukuza besi, na redio ikiwa na HPF, yaani kichujio cha kuzuia besi nzito, iweke hezi 80 ili spika ndogo isilazimishwe kupiga besi ya wufa. Jaribu kwa wimbo wa flash, si FM. Redio nyingi za magari ya Japani huishia 90 MHz, kwa hiyo kama yako bado ni ile iliyokuja na gari, kile kifaa kinachofungwa ili ishike stesheni za juu ya hapo huweza kukwaruza chenyewe, utailaumu spika bure. Tuambie mpira wa mlango ulionyesha nini.