Dogo anaongea na marehemu, mahakamani ataeleza nini?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi nipo Nkuhungu hapa Dodoma, naandika kariwaya kafupi ka kutisha, kurasa kama 100 hivi. Kuna dogo wa miaka 13 anachunga mbuzi, anaanza kumwona babu yake aliyekufa amekaa chini ya mbuyu, babu anamwambia mi sikufa kwa presha, nimeuliwa sababu ya shamba. Sasa nimekwama. Mshkaji mmoja kaisoma akasema muuaji awe jini ndo itatisha, mwingine anasema toa mizimu yote bakiza upelelezi. Alafu hiyo sehemu ya dogo kukua sijui hata niiweke wapi.

JIBU: Marahaba mjomba. Usimsikilize hata mmoja. Babu abaki, na muuaji awe binadamu, tena binadamu ambaye dogo anamwamkia kila asubuhi. Msomaji kafukuzana na muuaji kurasa 80 alafu unamwambia lilikuwa jini, si umemtapeli huyo?

Sababu ya kuua unayo mlangoni kwako. Uamuzi wa makao makuu kuja Dodoma ni wa 1973, watu walishazoea kusubiri, mpaka 2016 serikali ilipotangaza inahamia kweli kweli, na mashamba ya uwele yakaanza kuangaliwa kama viwanja. Sasa weka mzee aliyegoma kuuza, dalali anayekuja na pikipiki kila Jumamosi, na baba mdogo wa huyo dogo ambaye ana madeni mpaka shingoni. Hapo ungo wala hirizi huvihitaji.

Ila kilichonifanya nikujibu wewe kwanza ni huo umri, sijui ulibahatisha au ulijua. Kwa sheria yetu ya ushahidi, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila lazima kwanza aahidi mbele ya mahakama kwamba atasema ukweli na hatasema uongo (hayo nayo ni mabadiliko ya 2016, mwaka ule ule wa viwanja vyako, yaani ni kama umeandaliwa). Basi dogo keshaahidi, yupo mbele ya jaji, anaulizwa, ulijuaje simu ya babu yako imefukiwa zizini? Ukweli ni kwamba kaambiwa na marehemu. Akisema hivyo wakili wa upande wa pili anacheka na kesi inayumba pale pale, akidanganya kwamba alimwona baba mdogo anafukia kwa macho yake basi huyo mtu anaweza kutiwa hatiani, na adhabu ya kuua kwa kukusudia kwetu ni kunyongwa. Ahadi aliyoitoa dakika tano nyuma ataivunja au hataivunja? Sehemu ya kukua uliyokuwa unaitafuta ndo hiyo, hata ndevu usimwoteshe.

Jando ukitaka liweke, lakini usianike ya porini, wenyewe hawapendi na hayakusaidii kitu. Tumia moja tu: anayempeleka jandoni na kumshika mkono njia nzima ni baba mdogo. Dogo keshajua, baba mdogo hajui kwamba dogo anajua. Mi hiyo safari ningeipa kurasa kumi.

Sasa kwenye kutisha umezidisha damu, mjomba, na macho mekundu hayamtishi mtu siku hizi. Nenda kwenye mbuyu wenyewe. Maua yake yanafunguka jioni giza likiingia, popo wanayafuata, na harufu yake ni nzito, ina kauvundo fulani. Yanaanguka chini mapema tu. Msomaji akishazoea kwamba harufu ile ikija babu yupo, basi siku inapoingia ndani ya nyumba wakati maua yameshaisha huna haja ya kuandika neno "hofu".

Na babu aongee kidogo. Kwenye ile sura uliyonitumia anahutubia kama diwani, ukurasa mzima. Aseme "mbukwa", ile salamu ya Kigogo, akae kimya, aseme kitu kimoja, aondoke. Siku ya mahakama asitokee kabisa. Dogo asimame pale avute pumzi, atafute ile harufu, aambulie harufu ya dawa ya kupigia deki tu, na jaji anamsubiri.