Mtaala wa uhandisi uanze na kazi, mada zifuate

Tangu mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya stadi za kazi, uanze katika shule za sekondari Januari 2024, walimu wengi ninaofahamiana nao hapa Tanga wamejikuta wakiitwa kwenye vikao vya mitaala. Mmoja anaambiwa aandae mpango wa karakana, mwingine anaombwa maoni juu ya muhtasari wa umeme, na wenzetu wa vyuoni wanapitia upya programu zao za stashahada na shahada. Mimi ni mhandisi wa mitambo. Nilianzia viwandani, nikahamia kufundisha, na nimekaa kwenye kamati za mitaala za sekondari, za vyuo vya ufundi na za chuo kikuu. Namwandikia yule aliyeitwa kwa mara ya kwanza, maana kinachoamuliwa kwenye vikao hivi ndicho vijana watakachoshika mikononi kwa miaka mingi ijayo.

Neno langu ni moja. Usianze na orodha ya mada. Anza na kazi ambayo kijana ataiweza akimaliza. Kisha andika mtihani utakaothibitisha kwamba anaiweza. Kisha hesabu saa, mashine na watu wa kumfikisha hapo. Mada zije mwisho, na zije zile tu ambazo kazi hiyo imeziita.

Kamati nyingi huenda kinyumenyume. Unawekwa mezani mtaala wa chuo kingine, kila mtu anatetea somo lake lisiguswe, mpya zinaongezwa kwa sababu zinavuma, na hakuna kinachotolewa. Jioni programu imenenepa, watu wamechoka, na sehemu ya tathmini inajazwa harakaharaka: kazi za muhula 40, mtihani 60, kama ilivyozoeleka. Hapo ndipo mtaala unapoharibika. Mwanafunzi hasomi waraka wa mtaala, anasoma mitihani iliyopita. Kama mitihani inauliza "taja faida tano za mkanda wa V", kitakachofundishwa ni kutaja faida tano, hata kama waraka umejaa neno umahiri kila ukurasa.

Nichukue mashine ambayo mtu wa mkoa huu haihitaji kuelezwa mara mbili, korona ya kuchakata mkonge. Majani yanalazwa upande mmoja, minyororo inayabana na kuyasogeza, magurudumu yenye visu butu yanaponda na kukwangua nyama ya jani, maji yanamwagwa, na singa, yaani nyuzi za mkonge, zinatoka upande wa pili kwenda kuanikwa. Katika kilo 100 za majani unapata singa kama kilo 4. Zinazobaki zote ni maji na makapi. Mkonge uliingia nchini 1893, kwa hiyo mashamba yetu yana mafundi ambao baba na babu zao walifanya kazi hii hii.

Kwenye kiwanda kimoja upande wa Muheza, msimamizi wa mitambo alituonyesha jambo ambalo nalitumia hadi leo ninapokaa kwenye kamati. Mashine ilikuwa inazunguka. Mzee alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye nyumba ya beringi, kile kinachobeba shafti (mhimili) izunguke kwa wepesi, mpini akauegemeza nyuma ya sikio. Akamwita mwanafunzi wangu mmoja, kijana hodari sana darasani: "Njoo mwanangu, sikiliza. Hii inasema nini?" Kijana akasikiliza, akasema inakwaruza. "Na ile ya pili?" Ile ilikuwa inavuma sawasawa. Mzee akamuuliza kwa nini hizi mbili zitofautiane na zimefungwa siku moja.

Kijana alikuwa na fomula ya maisha ya beringi kichwani. Aliijua vizuri, na kwenye mtihani aliipatia. Lakini fomula ile inahesabu beringi safi, yenye grisi, inayochoshwa na mzigo na mizunguko. Hii ilikuwa inaliwa. Maji ya mkonge yana asidi, yalikuwa yanapenya pembeni mwa sili iliyochakaa, yaani kizibo cha kuzuia maji yasiingie, yanaosha grisi na kutafuna chuma. Upande wa pili sili ilikuwa nzima. Hakuna swali hata moja katika mitihani yetu ya miaka ile lililomtaka mwanafunzi aseme ni nini kimeiua beringi fulani. Tulimpa kanuni, hatukumpa nafasi ya kuitilia shaka.

Sasa angalia mashine hiyo moja inavyoweza kubeba ngazi zote. Kidato cha tatu, kijana apime kipenyo cha puli mbili, akokotoe kasi ya shafti, achore kipande kimoja kwa vipimo sahihi kiasi kwamba fundi wa kukereza akitengeneze bila kumuuliza chochote. Stashahada, afungue beringi, aikague, aandike sababu ya kuharibika, achague mbadala kwenye katalogi na apange ratiba ya grisi. Shahada, abuni upya namna ya kuzuia maji yasiingie, apime umeme unaoliwa kwa kila tani ya majani, na aseme makapi yaende wapi. Hale kulishajengwa mtambo wa kupata gesi na umeme kutokana na mabaki ya mkonge, kwa hiyo swali la mwisho si la kufikirika. Ngazi tatu, mashine moja, na hakuna anayerudia alichofundishwa mwenzake wa chini. Kwa sasa mambo hayako hivyo. Nimekutana na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada wanaofundishwa upya kusoma vernia, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo, waliyoisoma sekondari ya ufundi, huku wenzao waliotoka kidato cha sita cha kawaida hawajawahi kuishika. Watu wa ngazi hizi wakikutana kwenye chumba kimoja kabla ya kuandika, tatizo hilo linapungua sana. Mkoa wetu una shule ya sekondari ya ufundi na una VETA. Kukutana ni nauli ya bodaboda tu.

Kwenye kuandika malengo, kuwa mkali na vitenzi. "Mwanafunzi aelewe beringi" haipimiki. Andika hivi: akipewa shafti iliyosimamishwa, afungue beringi bila kuharibu shafti, apime, aandike sababu ya kuchakaa kwa ushahidi wa alama alizoziona, na achague mbadala. Hapo mtihani umejiandika wenyewe, na vifaa vya kununua vimejitaja wenyewe. Makubaliano ya Washington ya 1989, yaliyoanzishwa na nchi 6 ili kutambuliana shahada za uhandisi, nayo leo yanatazama mhitimu anaweza nini kuliko somo gani limetajwa. Lakini usinakili ile orodha yao ya sifa na kuibandika kwenye waraka wako. Ni pana mno kumwongoza mwalimu wa Jumatatu asubuhi.

Halafu fanya hesabu. Hii ndiyo sehemu ambayo watu huikwepa, nami naomba usiikubali kamati ifunge kikao kabla ya kuifanya ubaoni. Chukua darasa la wanafunzi 60 na karakana yenye mashine 4 za kukereza. Wawili kwa mashine, wanaingia 8 kwa wakati mmoja, hivyo yanapatikana makundi 8. Kozi yako imepewa vipindi viwili vya karakana kwa wiki, kila kimoja saa 3. Mzunguko mmoja wa makundi yote unakula wiki 4. Muhula wa wiki 15 unampa kila kijana vipindi 3 au 4, yaani saa 9 hadi 12, na kwa kuwa wako wawili kwenye mashine, nusu ya muda huo anamtazama mwenzake. Kwa hiyo mkono wake unashika mashine saa 6, ikienda vizuri sana, umeme usipokatika. Waraka unasema saa 45 za vitendo.

Ukishaiona hesabu hiyo una njia tatu za kweli. Unaongeza vipindi, hata vya jioni na Jumamosi, na fundi sanifu wa kuvisimamia analipwa. Unapunguza idadi ya wanaodahiliwa. Au unapunguza kazi unazodai mhitimu ataziweza, ukabaki na chache anazoziweza kikamilifu. Njia ya nne, ya kuandika 45 na kunyamaza, ndiyo inayotuletea malalamiko ya waajiri.

Na usisahau vinavyoliwa: vijiti vya kuchomelea, vipande vya chuma, misumeno, mafuta ya kupozea, grisi. Mashine hununuliwa kwa mradi, zikazinduliwa kwa shangwe, kisha zikakaa kwa kukosa chuma cha kukereza. Mtaala uorodheshe vinavyoliwa kwa kila mwanafunzi kwa kila zoezi, ili mhasibu asiweze kusema hakujua.

Kuhusu unene wa programu za shahada, kuna jambo linalopaswa kutupunguzia hofu. Hapa kwetu krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na programu ya miaka 4 ni krediti 480. Saa 4,800 zinaonekana nyingi hadi uanze kuzigawa. Lakini mhitimu hatoki chuoni akiwa mhandisi kamili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya 1997, inamtaka apitie kazi chini ya uangalizi, na mpango wake wa mafunzo ni wa miaka 3. Chuo kina haki ya kuacha mambo. Kiache programu ya kompyuta ya kampuni fulani, ambayo mwajiri ataifundisha ndani ya mwezi, kisiache kanuni za uhamaji wa joto.

Kwa nini nataja joto? Kwa sababu lipo Chongoleani. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa kwetu, na mafuta yake yana nta nyingi kiasi kwamba yakipoa yanaganda. Ndiyo maana bomba limevikwa kihami joto na mafuta yanapashwa moto njiani. Mtoto wa Tanga ameshaona mafuta ya nazi yakiganda chupani asubuhi za kusi. Mwalimu ana pa kuanzia. Hata hivyo mazoezi mengi ya vitabu tunavyotumia yanazungumzia nyumba yenye theluji juu ya paa. Vivyo hivyo kwa maji: mto mmoja wa Pangani unazungusha mitambo ya megawati 21 pale Hale, na chini yake ile ya Maporomoko ya Pangani inatoa 68. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa pili swali la kwa nini tofauti hiyo, na maji ni yale yale, atafute mwenyewe kimo cha anguko na kiasi cha maji, kisha umwone anavyobadilika. Mwaka wa kiangazi aulize pia nini kinatokea. Sayansi yake ni ile ile ya dunia nzima, mifano ndiyo ya nyumbani.

Kubuni pia kusisubiri mwaka wa nne. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chuo cha MIT cha Marekani na vyuo vitatu vya Uswidi, Chalmers, KTH na Linköping, walijenga programu ambazo mwanafunzi anabuni na kutengeneza kitu tangu mwaka wa kwanza. Hilo tunaliweza bila fedha za ajabu. Mashine ndogo ya kukuna nazi, au banio la kushikilia mbao, inatosha, mradi ifanye kazi na mwanafunzi aeleze kwa nini shafti ni ya unene ule.

Mkitaka maoni ya waajiri, msiwaalike hotelini. Watakuja maofisa utumishi na watasema wanataka vijana wenye nidhamu na mawasiliano mazuri, jambo ambalo ni kweli lakini halisaidii kuandika hata kozi moja. Nendeni karakana za bandari, za kiwanda cha saruji kule Pongwe, za mafundi wa Ngamiani. Mpe shikamoo yake fundi mkuu, kaa naye pembeni ya kazi, umuulize maswali mawili: mwezi uliopita kiliharibika nini, na ni nani aliyekitengeneza? Majibu ya watu kumi wa namna hiyo yatawapa nusu ya kazi za kuandika mtaala wenu. Kule bandarini, kwa mfano, utasikia kuhusu chumvi hadi uchoke, ilhali kutu imepewa saa moja katika programu nyingi nilizoziona. Kwa mji wa pwani hilo halikubaliki.

Mtaala ukishapitishwa, kusanyeni mitihani ya muhula wa kwanza pamoja na kazi za karakana zilizosahihishwa, mzilinganishe na zile kazi mlizoziandika mwanzo. Kila kazi ambayo haikupimwa popote, iwekeeni kipimo muhula unaofuata au ifuteni kwenye waraka, na mada zilizokuja kwa ajili yake ziondoke nayo.